Kimbweta Kimehamia Kwenye Simu, Wahadhiri Mnaogopa Nini?



Kila likizuka suala la kufundishia chuo kikuu kwa mitandao ya kijamii, wasomi wetu wana jibu moja la mkato: Facebook ni umbea, WhatsApp ni picha za harusi, mwanafunzi azime simu amsikilize mwalimu. Nimelisikia jibu hilo nyumbani, na nimelisikia hapa Toronto kwenye misiba na mikutano ya jumuiya yetu. Leo nalijibu, na sitaremba.

Nianze na mji huu huu ninaoishi. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Ryerson kilichopo katikati ya Toronto (tangu 2022 kinaitwa Toronto Metropolitan University) kilimshtaki mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, Chris Avenir. Kosa lake? Alikuwa msimamizi wa kundi la Facebook ambamo wanafunzi 146 walisaidiana maswali ya kemia. Alifunguliwa mashtaka 147 ya udanganyifu: moja kwa kuliendesha kundi, na mengine 146, moja kwa kila mwanakundi. Alikuwa na alama B, ikashushwa kuwa F, na akawa anakabiliwa na kufukuzwa chuo. Kesi iliposikilizwa Machi mwaka huo hakufukuzwa, ila alipewa sifuri kwenye ile kazi, iliyokuwa na asilimia 10 ya alama za kozi.

Sitaki kumtakasa kijana wa watu. Profesa alishasema kila mtu afanye kazi yake peke yake, na mwaliko wa kundi uliwataka watu waweke majibu yao. Hapo chuo kilikuwa na hoja. Lakini tujiulize: kwa nini wanafunzi 146 walikwenda huko? Walikuwa na chumba chao chuoni cha kujisomea pamoja, na jina la kundi lilitokana na chumba hicho. Wangekaa humo wakafanya mambo yale yale, nani angewafungulia mashtaka 147?

Waliopita Mlimani watanielewa nikisema kimbweta. Ile meza ya zege na mabenchi yake chini ya mti imetoa madaktari, mawakili na mawaziri. Watu walikaa pale na diskasheni mpaka usiku, mmoja anaelewa, wanne wanaelezwa. Hakuna mhadhiri aliyewahi kusema kimbweta ni wizi wa mitihani. Na desa je? Kabla ya hizi simu, madesa yalitolewa kopi stesheni mwaka hadi mwaka, pamoja na makosa yake, na mtu akameza kosa la mwaka juzi akaenda kulitapika kwenye mtihani. Kunakili hakukuletwa na Facebook.

Sasa kimbweta kimehamia kwenye simu. Kila darasa lina kundi lake la WhatsApp, mhadhiri apende asipende. Swali la kama mtandao uingie darasani limeshapitwa na wakati. Swali lililobaki ni kama mwalimu atakuwemo au hatakuwemo. Asipokuwemo, kundi linageuka kopi stesheni. Akiwemo, linakuwa darasa.

Nasema hivi kwa sababu nimeyaona. Nilipokuwa nasomea uuguzi hapa Ontario nilikuwa bubu darasani. Kiingereza nilikijua, ila lafudhi yangu ilinitia aibu, na kila nikifungua mdomo nilisikia wenzangu wananyamaza ghafla. Mwalimu wetu mmoja akafungua kundi la Facebook la darasa, lililofungwa kwa watu wa nje. Kila Jumapili jioni aliweka mgonjwa wa kubuni. Nakumbuka mmoja: mzee mwenye moyo dhaifu, anatumia furosemide na digoxin, vipimo vinaonyesha potasiamu imeshuka, je, utampa digoxin ya asubuhi? Niliandika kwamba nitamhesabia mapigo ya moyo kwanza, yakiwa chini ya 60 nitaizuia dozi na kumwita daktari. Mwalimu akajibu mbele ya wote: vizuri, lakini umesahau potasiamu, ikishuka, digoxin inaweza kumdhuru hata kama kiwango chake kwenye damu kinaonekana cha kawaida. Darasa zima lilijifunza kwa kosa langu, na mimi kwa mara ya kwanza nilihesabika kuwa mwanafunzi. Mpaka leo nikishika kidonge hicho wodini naangalia potasiamu kwanza.

Kuna sababu nyingine, na hii inawahusu zaidi wanaofundisha fani za afya, sheria na ualimu. Mwanafunzi asipofundishwa chuoni namna ya kuandika mtandaoni, atafundishwa na dunia, na ada yake ni kubwa. Mwaka 2015 nesi wa mkoa wa Saskatchewan, Carolyn Strom, akiwa likizo ya uzazi, aliandika Facebook kulalamikia huduma aliyopewa babu yake siku za mwisho za uhai wake. Chama kinachosimamia wauguzi wa mkoa huo kilimtia hatiani na kumtaka alipe faini na gharama za kesi, jumla dola 26,000. Alihangaika mpaka Oktoba 2020, Mahakama ya Rufaa ya Saskatchewan ilipoifuta hukumu. Miaka mitano ya mtu imekwenda hivyo. Wapi mpaka kati ya siri ya mgonjwa na haki ya muuguzi kusema ukweli? Hilo ni somo zima, na mahali pa kulisomea ni darasani, ambako ukikosea unapoteza alama tu.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana wana hoja mbili za kweli.

Ya kwanza ni usalama wa mabinti. Mwishoni mwa Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Mlimani kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa hapo hapo, Dk. Vicensia Shule, aliandika Twitter kulalamikia rushwa ya ngono chuoni. Kwa hiyo mtu akiniambia kumpa mhadhiri namba za simu za wasichana wote ni kumwagia mafuta kwenye moto, simcheki. Ila nasema hivi: rushwa ya ngono inahitaji faragha. Inafanyika ofisini mlango ukiwa umefungwa, na kwenye ujumbe wa saa tano usiku kwa mtu mmoja. Kundi ambalo watu 80 wanasoma kila neno ni adui wake. Chuo kiweke kanuni: mambo ya kozi yaandikwe kundini tu, awepo na mhadhiri wa pili anayeona kila kitu, na ujumbe wa pembeni uwe kosa la kinidhamu.

Ya pili ni pesa. Bando si bure. Uganda, kuanzia Julai 2018, serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine. Kwa mwezi ni shilingi 6,000, na hapo bado hujanunua bando lenyewe. Sababu iliyotolewa na Rais Museveni ilikuwa hiyo hiyo ya umbea. Mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bando. Mtoto wa mkulima alilipia umbea wa watu wengine ili asome. Kwa hiyo hakuna alama itakayotolewa kwa kuwepo mtandaoni saa fulani, kila kitu muhimu kibandikwe na kwenye ubao wa idara, na intaneti ya chuo ifanye kazi kweli, isiwe ya kwenye karatasi za bajeti.

Hizo ni sababu za kufanya jambo kwa akili. Wanaozitumia ili wasifanye lolote wanajificha. Ninachoshuku mimi ni kwamba baadhi ya wahadhiri wetu hawaogopi umbea. Wanaogopa kuulizwa. Ukumbini unasoma notisi zilezile za miaka kumi, unafunga faili unaondoka. Kundini mwanafunzi wa mwaka wa pili anakuuliza saa mbili usiku, wenzake wote wanaona, na wote wanasubiri kuona kama unajua.

Ndugu wahadhiri, mabinti na vijana wenu wako kwenye kimbweta sasa hivi wanaelezana, na pengine wanaelezana makosa. Nendeni mkakae nao.

Naomba kuwasilisha.