Mstaafu wa kigeni auziwe mboga, asiuziwe shamba

WENYEJI wa Malindi, Watamu na Diani wameshawazoea. Ni wazee wa Kizungu, Waitaliano, Waingereza, Wajerumani na wengineo, ambao hawakuja kwa likizo ya wiki mbili kama watalii. Walimaliza kazi kwao, wakafunga virago na kuja kuishi kandokando ya Bahari ya Hindi. Wanajua nauli ya boda boda, wanajua siku ya soko, na wapo wanaomkemea kwa Kiswahili mchuuzi wa samaki anayewatajia bei ya mtalii.

Habari zao zimewafikia sana mabroka wa ardhi. Wakulima hawajazisikia vya kutosha, na kasoro iko hapo. Mkulima wa Kilifi au Kwale akisikia kuna mzee wa Ulaya anayetaka kuhamia, jambo la kwanza linalomjia akilini ni ploti. Ni nadra kumsikia akiuliza mzee huyo atakula nini.

Inafaa kwanza kuelewa mtu huyu anaruhusiwa nini na sheria. Kanuni za uhamiaji za mwaka 2012 zinampa asiye raia nafasi ya kuomba kibali cha daraja la K ikiwa ametimiza miaka 35 na ana mapato ya hakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Kwa mstaafu, njia iliyo wazi ni pensheni: fedha zitoke nje ya nchi na ziletwe humu. Umri huo wa miaka 35 unashangaza kidogo, kwani mtu wa miaka 35 si mzee popote pale. Thailand, ambayo imewavutia wastaafu wengi wa Ulaya, hutaka mwombaji awe na miaka 50 na aonyeshe akiba ya baht 800,000 benki au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Malaysia nayo ilianzisha mpango wake wa makazi ya muda mrefu mwaka 2002. Kwa hiyo Kenya si peke yake inayowatafuta watu hawa.

Sharti jingine la kibali hicho ndilo linalopaswa kumfurahisha mfanyabiashara mdogo. Mwenye kibali huahidi kutofanya kazi ya kulipwa, na akitaka kufungua biashara hana budi kutafuta kibali cha aina nyingine. Kwa maneno mengine, sheria imemleta mtu huyu kama mnunuzi tu. Hatafungua duka la kushindana na la jirani wala hatachukua kazi ya kijana wa mtaani.

Hesabu yake si ngumu. Dola 24,000 kwa mwaka ni dola 2,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha takriban Sh130 kwa dola, kilichokuwapo mwaka 2025, hizo ni Sh260,000. Sehemu ya fedha hizo itaenda kwa kodi ya nyumba, umeme, dawa na mishahara ya mtunza bustani na mpishi, ambao nao wana haki ya kulipwa kiwango cha chini kilichowekwa na serikali na kukatiwa michango yao. Lakini kila siku lazima kitu kiingie jikoni.

Na hapo ndipo tofauti yake na mtalii inapoonekana. Wakulima wa Pwani wanaoziuzia hoteli wanajua machungu ya mwezi wa Mei. Masika yakipamba moto hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga milango kabisa, na mboga zilizokuwa zikisubiriwa na meneja wa jikoni huozea shambani. Wanakumbuka pia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maonyo ya usafiri ya mwaka 2014 yaliyofanya ndege za Uingereza kuja Mombasa kuwachukua watalii, na janga la corona la 2020. Mara zote hizo hoteli zilitikisika. Mzee aliyekodi nyumba kwa miaka kadhaa na ana paka na mbwa haondoki kwa urahisi namna hiyo. Ni kweli kuna wanaorudi kwao kuwaona wajukuu wakati wa joto la Ulaya, lakini hata hao humwachia mtu nyumba, na hurejea.

Sasa atakula nini? Mtu akifika soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, ataona malori ya nyanya kutoka Loitoktok, mboga kutoka Taita, na machungwa na vitunguu kutoka Tanzania. Si vibaya, kwani biashara ni biashara. Lakini pilipili hoho iliyosafiri usiku kucha, ikashushwa Kongowea, ikapakiwa tena hadi Watamu, hufika imechoka na bei yake imepanda. Wakati huohuo kuna wakulima kwenye kingo za Mto Sabaki, kaskazini tu mwa mji wa Malindi, wenye maji na udongo mzuri.

Wazee wengi hawali kwa wingi, na wana uchaguzi wao. Wanataka nyanya zilizoivia shambani, biringanya changa, letasi iliyovunwa asubuhi hiyohiyo, mayai ya leo na samaki asiyelala kwenye barafu siku tatu. Mwitaliano hawezi kupika bila mrehani. Mmea huohuo akina mama wa Pwani wameupanda nyumbani tangu zama za mabibi zao kwa ajili ya harufu na mapambo, wala hawakuwahi kufikiria kwamba fungu lake dogo linaweza kuuzwa. Mkulima mwenye robo ekari anaweza kuhudumia nyumba kumi au kumi na tano kwa kapu la kila wiki, endapo atatimiza mambo ambayo mnunuzi wa aina hii huyajali kuliko bei: afike siku aliyosema, uzani uwe sawa, na mboga ziwe safi. Oda huja kwa simu na malipo kwa simu. Wanaoshindwa biashara hii mara nyingi hushindwa na ahadi. Wiki moja wanaleta, wiki mbili hawaonekani.

Kosa kubwa zaidi ni kumuuzia shamba lenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Mkataba ukiandikwa vingine, sheria huuchukulia kuwa ni wa miaka 99 tu. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia mia kwa mia, kwa hiyo ujanja wa kusajili kampuni na kumweka mpwa wa wakili ndani yake hausaidii. Kwa ardhi ya kilimo sheria ni kali zaidi: bodi ya udhibiti wa ardhi inatakiwa kukataa kutoa idhini pale ardhi hiyo inapokwenda kwa asiye raia, isipokuwa Rais awe ametoa msamaha.

Mabroka hawamwambii mkulima haya. Humletea fedha taslimu, karatasi ya kutia sahihi na haraka. Kwenye ukanda huu haraka hiyo ina historia mbaya. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 familia nyingi za Pwani zimekuwa zikiishi kwenye ardhi zisizo na hati nayo, zikiitwa maskwota mahali walipozaliwa. Anayebahatika kuwa na hati leo kisha akaiachia kwa bei ya pikipiki na bati za nyumba anawaingiza watoto wake kwenye foleni hiyohiyo.

Mwenye ploti ya makazi karibu na ufuo, anayehitaji fedha kweli, ana njia nyingine. Sheria yenyewe inamwonyesha mgeni mlango wa kukodi. Mzee wa miaka 68 hahitaji miaka 99. Mkataba wa miaka 15 au 20, ulioandikwa na wakili wa mwenye ardhi mwenyewe na kusajiliwa, humpa mstaafu utulivu na humwachia mwenyeji hati yake. Mke au mume ashirikishwe kabla ya sahihi kuwekwa, kama sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inavyotaka.

Kuna tahadhari moja kwa wauza duka wanaofungua daftari la deni kwa sababu mteja ni Mzungu. Fedha zake si mto usiokauka. Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Mstaafu wa dola 2,000 aliyekuwa akipata Sh320,000 alijikuta na Sh260,000, na bei za dukani hazikushuka kwa kasi hiyo. Kwa Mwingereza kuna zaidi. Serikali yake haiongezi pensheni ya taifa kila mwaka kwa wastaafu wanaoishi nchi zisizo na makubaliano nayo ya kufanya hivyo, na Kenya ni mojawapo. Kiwango alichokuja nacho ndicho atakachopokea akiwa na miaka 85, siku ambazo dawa zitakuwa zinakula sehemu kubwa ya fedha zake. Daftari la mwezi mmoja linatosha.

Serikali za kaunti za Kilifi na Kwale zinapaswa kuacha kuhesabu majumba ya kifahari kama ndiyo maendeleo yenyewe. Maafisa wa kilimo wa nyanjani wawafundishe wakulima mboga zinazotakiwa, vyama vya ushirika vipewe chumba kimoja cha baridi karibu na barabara kuu, na bodi za ardhi zieleze sheria hizi kwa Kiswahili na Kigiriama katika mabaraza, kabla broka hajafika.

Kwa mkulima mwenye maji, kazi haingoji kaunti. Wakimbiao baridi ya Ulaya huwa wamejaa Malindi kufikia Desemba. Nyanya za kuwauzia wakati huo humwagwa kitaluni mwanzoni mwa Agosti na kuhamishiwa shambani katikati ya Septemba.