Kipaji Hakina Kinywa

Ameandika mwandishi mmoja, na gazeti likatufikia hata huku Ngoliba, ya kwamba msanii wa hip hop asiye na kampuni ya muziki asisaidiwe, kwani kipaji cha kweli hujitangaza. Hujitangaza kwa kinywa gani? Shad, msanii wa hip hop aliyezaliwa hapa Kenya na kulelewa Kanada, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2005 kwa fedha alizozipata katika shindano la redio. Na mwaka 2011, kwa albamu ya TSOL, akaitwaa tuzo ya muziki ya Kanada, Juno, upande wa rap, mbele ya Drake mwenyewe. Lau redio ile ingalifuata shauri la mwandishi huyo, fedha zile zisingalitoka. Tena asema ati msaada huzaa uvivu! Basi na mkulima wetu apelekewaye maji shambani tumwite mvivu?