Tusiisahau Pensheni ya Kila Mwezi

Tangu mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa mfuko mmoja, PSSSF, watumishi wa umma wa Tanzania hawajaacha kukizungumzia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Mwaka uleule kanuni mpya ilishusha mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25 ya mafao. Watumishi wakalalamika, Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza 40 kwa wale ambao zamani walistahili nusu. Kilio chao kilikuwa cha haki. Mtu aliyekopa akajenga msingi wa nyumba kwa kutegemea nusu ya mafao yake si wa kubadilishiwa hesabu akiwa amebakiza miezi michache kazini.

Lakini tumeulilia mkupuo mpaka tumeisahau pensheni ya mwezi, nayo ndiyo itakayomlisha mstaafu. Tumchukue mwalimu aliyetumikia miaka 30, mwenye wastani wa mshahara wa Sh 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya 1/580 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa utumishi, mkupuo wa asilimia 33 ni karibu Sh milioni 36.9, na pensheni ni kama Sh 499,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 mkupuo unafika milioni 44.7, lakini pensheni inashuka hadi Sh 447,000. Kila mwezi wa uzee wake umepungukiwa Sh 52,000.

Na fedha za mkupuo, sote twajua zinakokwenda: bati na saruji, deni la benki, ada ya mjukuu, shida za ndugu. Mara nyingi mwaka wa pili haziukuti. Inabaki pensheni. Mchele unapanda, nauli inapanda, dawa ya presha inapanda, mshahara wa aliye kazini nao huongezwa; mzee aliyemfundisha kusoma huyo aliye kazini anangoja nyongeza ambayo ikija huja kama hisani. Hilo si sawa hata kidogo. Naiomba Serikali iweke katika sheria kwamba pensheni itapandishwa kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei.

Watasema mfuko utaelemewa. Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Ila tukumbuke kilichoudhoofisha. Walioajiriwa kabla ya Julai 1999 walilipwa mafao na PSPF bila michango ya utumishi wao wa nyuma kuwasilishwa, hata Desemba 2021 Serikali ikaipatia PSSSF hatifungani maalumu ya Sh trilioni 2.17 kulipia deni hilo. Deni lile halikuwa la wazee. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, 5 za mtumishi na 15 za mwajiri. Mwajiri anayeuchelewesha ndiye wa kubanwa kwanza.

Tena wapo wazee wengi zaidi ambao hawakuajiriwa kamwe. Zanzibar iliwaanzishia Pensheni Jamii mwaka 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe mvuvi au mkulima wa mwani. Tanzania Bara hatuna sababu ya kuendelea kuchelewa.

Vyama vya wafanyakazi, ipelekeni pensheni ya mwezi mezani kwa uzito uleule mlioupa mkupuo. Nanyi mlio kazini, msingoje barua ya kustaafu. Ombeni taarifa ya michango yenu mwaka huu, na mwezi wowote uliokosekana mdaini mwajiri sasa, kabla faili halijapelekwa masjala.