Cha hiari kisiandikwe cha lazima

Jamani watunza vifurushi, tuelewane. Kama programu inafanya kazi yake bila maktaba fulani, maktaba hiyo si ya lazima. Msiiweke kwenye Depends.

Debian ina ngazi zinazoeleweka. Depends ni kile ambacho programu haiendi bila hicho, Recommends ni kile ambacho wengi watakihitaji, Suggests ni ukipenda. Shida iko hapo katikati. Tangu Debian 5.0 ya mwaka 2009, apt husakinisha vya Recommends bila kukuuliza. Unaomba kaprogramu kadogo, unaletewa ukoo mzima, na data ni ya kununua. Ndiyo, najua kuna --no-install-recommends, naitumia kwenye kila seva. Lakini hiyo inakata vyote, vya maana na vya upuzi, kwa sababu kifurushi hakisemi kila kimoja kinaongeza uwezo gani.

Mtaniambia diski siku hizi ni rahisi. Nani kataja diski? Kumbukeni Machi 2024, mlango wa siri ulipogunduliwa ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Aliyelengwa ni sshd, ambayo yenyewe haina haja yoyote na xz! Debian na Fedora walikuwa wameitia kiraka cha libsystemd ili iijulishe systemd kwamba imeanza. Nayo libsystemd ilivuta liblzma, ya kubana kumbukumbu za journal, kazi ambayo sshd haifanyi. Ujumbe mfupi wa "niko tayari" ukaingiza maktaba ngeni mahali tunapolindia seva zetu.

Systemd 256, iliyotoka Juni 2024, huipakia liblzma kwa dlopen pale tu inapohitajika. Vizuri, ila dlopen peke yake ni kuficha: ukiendesha ldd huoni kitu, na mtunza kifurushi hajui aandike nini. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba toleo hilohilo linaandika ndani ya faili lenyewe jina la maktaba, uwezo inaoleta, na kama ni ya lazima, inapendekezwa au ni ya hiari tu. Hicho ndicho ninachodai kwa kila kifurushi: jina, kazi yake, uzito wake.

Na nyinyi wa Python hamna kisingizio, mnacho kitu hiki tayari. Anayetaka proksi ya SOCKS huandika requests[socks], asiyeitaka haletewi. Kwa nini basi maktaba zenu bado zinaniletea kifaa cha kuchora grafu ninapotaka kusoma faili la CSV?