Kizibo cha jino kikidondoka, usikimbilie kung'oa

Katika nyumba zetu nyingi, mtu akizibwa jino na baada ya muda kizibo kikadondoka, kauli huwa moja: "Kuziba ni kupoteza pesa, bora ling'olewe." Mimi naona kauli hii ni makosa, na inatokana na kutojua kilichotokea ndani ya jino.

Kizibo cheupe hushikizwa kwa gundi. Gundi hiyo ina chembe ndogo ziitwazo monoma. Daktari huipaka, huimulika kwa taa ya mwanga wa buluu, na chembe zile huungana kuwa minyororo migumu, yaani resini. Mwaka 1955, Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa jino likipakwa asidi kwanza, kizibo hushika zaidi. Mwaka 1962, Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, alipata hataza ya monoma ya Bis-GMA, ambayo inatumika hadi leo.

Sasa tatizo liko wapi? Ganda la nje la jino ni gumu na lina maji machache sana, hivyo gundi hushika barabara. Lakini chini yake kuna dentini, ambayo kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake ni maji. Maji hayo, pamoja na mate na vijidudu vinavyokula sukari tunayobakisha mdomoni, huikata minyororo ya resini kidogo kidogo. Mwanya ukipatikana, jino huoza upya chini ya kizibo.

Ndiyo maana wataalamu hawajaacha kutafuta monoma mpya. Wajapani walitengeneza iitwayo MDP, ambayo hujifunga na kalsiamu ya jino lenyewe. Wengine wanajaribu monoma ambazo maji hayazivunji kirahisi. Haja ni kubwa, kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi ya vizibo vyenye zebaki.

Hiyo ni kazi ya maabara. Yetu ni ipi? Kwanza, kizibo kikidondoka, rudi kwa daktari mapema. Mara nyingi jino huweza kuzibwa tena. Pili, usikasirike daktari akikujaza pamba mdomoni. Anazuia mate yasiharibu gundi. Tatu, wapunguzieni watoto pipi na soda, na nyumba nzima ipige mswaki kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala.

Mtume wetu (s.a.w.) aliuhimiza sana mswaki, na mwili huu ni amana tutakayoulizwa. Gundi iwe bora namna gani, haifanyi kazi ya mswaki. Na jino la mtu mzima likishang'olewa, halioti tena. Basi kabla hujasema "ling'olewe", jiulize kwanza kama umeitunza amana.

Wallahu a'lam.