Kabla ya kuuza Land Cruiser ili ununue Vitz, tazama barabara yako

Siku hizi katika mji wa Butembo, mwenye Land Cruiser ya zamani anachekwa. Wanamwambia gari yake inakunywa mazuti kupita kiasi, ni ya wazee. Wengi wanakubali, wanauza jeep na kununua Vitz ao IST, zile gari ndogo za Japani zenye usukani kuume, zinazopitia Mombasa na kuingia kwetu kwa Kasindi.

Hesabu yao si ya uongo. Land Cruiser yenye moteri 1HZ, ile ya litri 4,2, inamaliza litri 12 hadi 15 kwa kilometa 100. Vitz ya litri 1 inatosheka na nusu ya hiyo. Kwa mwalimu anayetoka Furu kwenda kazini na kurudi, jeep ni mzigo. Huyo anunue Vitz, sina neno.

Neno langu ni kwa wale ambao jeep zao zinapanda Masereka, Kyondo na Kipese. Mvua ikinyesha kule, udongo unateleza kama sabuni na malori yanachimba mifereji katikati ya njia. Tumbo la Vitz liko karibu sentimita 15 tu juu ya ardhi. Jiwe moja likipasua chini ya moteri, mafuta yanamwagika na safari imeishia hapo. Land Cruiser inavuta kwa magurudumu yote 4 na inakaa juu ya shasi ya chuma.

Utasema: wakati wa mvua nitapanda pikipiki. Sawa, itakubeba wewe. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane za usiku atabebwa na nani? Na magunia ya viazi? Katika vijiji vile, jeep ya mtu binafsi ndiyo ambilansi, ndiyo lori, ndiyo inayorudisha maiti nyumbani. Mwenyewe akiiuza ili anunue Vitz mbili za taksi mjini, yeye anapata faida. Mkulima ndiye anayelipa, kwa kuwa gunia lake sasa linapanda juu ya pikipiki, moja moja. Hasara hiyo hakuna anayeiandika katika hesabu.

Tena kuna mambo ya fundi. 1HZ haina ordinatere. Fundi wa kijiji anaifungua kwa funguo zake za kila siku. Vitz nyingi zilizotengenezwa tangu 2005 zina buati ya vitesi ya CVT, yenye mafuta yake ya pekee. Ukitia mafuta mengine, umeiua.

Bila shaka kuna Land Cruiser zilizochoka, shasi imeliwa na kutu. Hizo hata mimi siwezi kuzipanda.

Najua pia kwamba barabara nzuri ingemaliza ubishi huu. Tunalipa peaji, tunalipa FONER ndani ya bei ya mafuta, na matope yako pale pale. Lakini hatuwezi kuuza gari zinazopita leo kwa kungojea barabara ya kesho. Kama jeep ya baba bado ina shasi nzima, ndugu watatu wachange, pompi na breki zitengenezwe kabla ya mvua za Septemba, kiisha wapange bei ya kila gunia ili gari ijilipie mazuti. Vitz itafuata, pesa zikibaki.