Mkutano Mkuu wa Kijiji Una Wenyewe

Malalamiko mawili hayaishi vijijini kwetu: kwamba viongozi wamegawa ardhi kwa wageni, na kwamba mapato na matumizi hayasomwi. Husemwa visimani, vilabuni, ndani ya mabasi na misibani, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini yapo maswali ambayo mlalamikaji naye hana budi kuulizwa, kwa upole na kwa heshima. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa lini mara ya mwisho? Ulikuwapo? Ulisema nini?

Nauliza hivyo kwa sababu sheria haikumwacha mwanakijiji mikono mitupu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 8, inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na kwamba Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Tumeyasikia maneno hayo majukwaani hata yamekuwa kama salamu, ambayo mtu huiitikia huku akiendelea na safari yake. Mahali pa kuyaona yakifanya kazi ni pale kijijini, chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi, siku wanakijiji wanapoitwa.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaeleza mkutano mkuu ni wa nani. Ni wa kila mkazi wa kijiji aliyefikia umri wa miaka 18. Haimuulizi mtu kadi ya chama wala kiwango cha elimu, na haibagui mwanamume na mwanamke, mzaliwa wa hapo na aliyehamia akajenga. Mkutano huo ndio wenye kauli ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio unaoweza kumwondoa mjumbe mmoja au kuwaondoa wote. Kwa hiyo mwenyekiti na wajumbe wenzake, ambao kwa jumla hawapungui 15 wala hawazidi 25, wana bosi wao, na bosi huyo ni mama anayepalilia mihogo na kijana wa bodaboda. Ajabu ni kwamba bosi huyu humwomba mtumishi wake taarifa kwa kunong'ona, na mara nyingi haombi kabisa.

Katika ardhi jambo hili lina uzito usio kifani, maana ardhi ikishakwenda hairudi kwa urahisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikabidhi halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi ya kijiji, kisha inaiwekea mpaka ulio wazi: isigawe ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila kabla mkutano mkuu haujaridhia. Inaiagiza pia itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida na kuyazingatia maoni ya wanakijiji. Akija mtu na gari zuri na ahadi ya zahanati, akaoneshwa msitu na mwenyekiti peke yake, makubaliano yao hayana nguvu. Nguvu huyapata kwa njia nyingine. Mkutano huitishwa asubuhi ya siku ya gulio, wakaja watu wachache. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Baadaye yakaongezwa majina ya ambao hawakufika. Mhuri ukagongwa, na muhtasari ukapelekwa wilayani ukisomeka kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja. Miaka ikipita na kesi ikafika mbele ya baraza, muhtasari huo ndio unaozungumza. Aliyekuwa shambani siku ile anabaki na uchungu wake, na uchungu haupokelewi kuwa ushahidi.

Sitaki kumtwisha mwananchi lawama zote. Watu hawakuikimbia mikutano bila sababu. Wameitwa mara nyingi kusikiliza maagizo, kutajiwa michango na kutishiwa mgambo. Wamekaa juani saa tatu wakimsubiri mgeni rasmi. Aliyeuliza swali la fedha ameitwa mkorofi, na mwaka uliofuata jina lake likarukwa kwenye orodha ya pembejeo. Wanawake, ambao ndio wanaolima sehemu kubwa ya mashamba tunayoyagombania, husogezwa nyuma, na wanapoinua mkono huambiwa muda umekwisha. Sheria imewawekea nafasi zisizopungua robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Kiti hicho hakina maana iwapo anayekikalia anatazamiwa kupika chai ya kikao.

Tena Serikali yenyewe imewahi kuivunja nyumba ya serikali za mitaa kwa mikono yake. Mkutano mkuu na halmashauri ya kijiji viliwekwa kwa sheria ya vijiji ya mwaka 1975, wakati ambapo halmashauri za wilaya zilikuwa zimekwisha kufutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Jina la mpango liliahidi kuwasogezea watu madaraka, ila waliosogea ni maofisa. Amri ilishuka kutoka juu na kijiji kikawa mahali pa kuitekeleza. Halmashauri za wilaya zilipofufuliwa, Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Maneno hayo ya kiongozi mkuu wa nchi yangepaswa kusomwa kila anapoapishwa mkuu wa wilaya. Mazoea ya miaka ile hayajatutoka. Mpaka leo mtendaji wa kijiji huajiriwa na halmashauri ya wilaya na ndiye anayeandika mihtasari. Mshahara wake, uhamisho wake na adhabu yake hutoka juu. Asiposikia sauti yoyote kutoka chini, tutashangaaje akisikiliza ya juu tu?

Wapo watakaonijibu kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa hata uchaguzi wa viongozi hao una walakini. Hoja yao ina haki. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikuu vikajitoa, na sehemu nyingi viongozi walipita bila kupingwa. Nchi inayotaka vyombo vyake viheshimiwe haina budi kumwachia mpigakura watu wa kuchagua kati yao. Lakini kutoka hapo haifuati kwamba mwananchi akae nyumbani. Aliyepita bila kupingwa ndiye hasa anayehitaji kuulizwa kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu hakuulizwa siku ya kura. Kura huja mara moja katika miaka mitano, mkutano huja mara nne kwa mwaka.

Sheria pia ina mahali ilipopungua, na hapo Bunge linastahili kusukumwa. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, mkutano mkuu huamua iwapo eneo ni chini ya hekta 250. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Yaani kipande kidogo chaamuliwa na wenyewe, na eneo kubwa, ambalo kulipoteza kwaweza kuwaondoa watu makwao, laamuliwa mbali nao. Naliona hilo kuwa kinyume cha haki, na ningependa kuwasikia wabunge wa majimbo ya wafugaji na wakulima wakilisemea.

Basi, ndugu zangu, twende kwenye mikutano, na twende tukiwa tumejiandaa. Majirani wa kitongoji kimoja wakubaliane mapema nani ataulizia fedha za zahanati na nani ataulizia mipaka ya malisho, ili mkorofi asipatikane mmoja wa kuandamwa. Tudai tarehe ya mkutano ujao itajwe kabla hatujatawanyika. Tarakimu za mapato na matumizi zibandikwe ubaoni, zikae hapo watu wazione, zisitajwe harakaharaka jua likizama. Vijana wenye simu wayaandike maamuzi yanapotolewa, pamoja na idadi ya waliohudhuria. Na mtendaji anapoanza kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, watu wanyamaze wausikilize mstari kwa mstari, maana hapo ndipo sentensi isiyosemwa na mtu yeyote hugunduliwa, na hapo ndipo mwanakijiji ana haki ya kusimama na kutaka ifutwe mbele ya wote kabla mhuri haujagongwa.